Ramani ya Ulimwengu katika Ubongo wa Paka

Paka anapomwinda panya, taswira ya panya huyo huangukia kwenye retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea nuru. Hata hivyo, jicho peke yake halioni. Habari zake husafirishwa na neva za macho hadi katika kituo kilicho ndani kabisa ya ubongo, kisha hufikishwa kwenye gamba la ubongo, upande wa kisogoni. Huko ndiko iliko ramani ya uwanda wote wa kuona.

Mwaka 1941, watafiti wa Marekani Talbot na Marshall walimulika nukta za nuru mbele ya macho ya paka waliotiwa usingizi, wakapima ni sehemu gani ya gamba inayotoa umeme. Mwaka 1978, Tusa, Palmer na Rosenquist walichapisha ramani yenye maelezo ya kina zaidi. Ramani hiyo ina kanuni tatu. Kwanza, pande hubadilishana: vilivyo kulia kwa paka huchorwa katika nusu ya kushoto ya ubongo, na vya kushoto katika nusu ya kulia. Pili, ujirani huhifadhiwa: nukta zinazokaribiana mbele ya macho hukaribiana pia katika gamba. Tatu, ramani haigawi nafasi kwa usawa. Kitovu cha uwanda wa kuona, ambacho paka hukielekeza kwa windo lake, hupewa eneo kubwa kuliko pembezoni. Ni kama ramani ya nchi ambayo mchoraji ameujaza mji mkuu karibu karatasi nzima, na vijiji vikabanwa ukingoni.

Kanuni hizi zinamhusu binadamu pia. Mgonjwa aliyepata kiharusi kisogoni, upande wa kulia, aghalabu hujikwaa kwa vitu vilivyo kushoto kwake na kudhani kuwa jicho lake la kushoto limeharibika. Akifunikwa jicho moja, kisha la pili, hubainika kuwa macho yote mawili yamepoteza upande uleule. Dosari basi haimo katika jicho bali katika ramani, na miwani haitaiondoa.

Je, ramani hiyo hudumu tu kwa kuwa mnyama amezaliwa nayo? David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walilijibu swali hilo kwa watoto wa paka. Walilifunga jicho moja la mtoto wa paka kwa wiki kadhaa tangu umri wa kufumbua macho, kisha wakalifungua. Jicho lilionekana zima, lakini karibu seli zote za gamba zilikuwa zikilitii jicho la pili tu. Paka mzima alipofungwa jicho kwa muda kama huo, hakupata madhara hayo. Kwa hiyo upo msimu wa utotoni ambapo macho mawili hugombea nafasi katika gamba, na jicho lisilotumika hunyang'anywa sehemu yake.

Hapa ndipo utafiti wa paka unapoingia katika kliniki ya watoto. Mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho, au mwenye makengeza ya kudumu, anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo ilhali jicho lenyewe bado linaweza kutibiwa. Hali hiyo huitwa jicho vivu. Upasuaji wa mtoto wa jicho aliyezaliwa naye huleta matokeo bora ukifanywa katika wiki za mwanzo za maisha. Makengeza na kasoro za miwani hutibiwa vyema zaidi kabla ya mtoto kufika miaka saba hivi, na mara nyingi jicho lenye nguvu huzibwa kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi.

Basi mzazi anayeona weupe katika mboni ya mtoto asisubiri akue. Weupe huo huweza pia kuwa dalili ya saratani ya retina, inayohatarisha uhai. Mhudumu wa afya naye, anapompima mtoto uzito na kumchanja, ammulike macho yote mawili kwa kifaa cha kuchunguzia macho. Mng'ao mwekundu ukikosekana, au ukitofautiana kati ya jicho na jicho, ampe rufaa mara moja kwa daktari wa macho. Ubongo wa mtoto hauweki nafasi ya jicho ambalo halijaanza kuona.