Kumwamini Mtu Si Kuacha Kuuliza



Katika sharika zetu mtu huaminika upesi. Akisalimia "Bwana Yesu asifiwe" na kutaja mchungaji anayefahamiana naye, tunampa kiti na kupokea kila asemalo. Ukarimu huo ni mzuri, wala hatutaki upotee. Shida huanza pale heshima tunayompa msemaji inapochukua nafasi ya uthibitisho wa maneno yake.

Wengi wanaikumbuka DECI. Iliongozwa na wachungaji, na waliojiunga hawakuambiwa wanaweka fedha, bali "wanapanda mbegu" ili "wavune". Nani angemuuliza mchungaji shamba liko wapi? Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za watu bila leseni.

Hesabu ya upatu wa namna hii haihitaji mtaalamu. Watu 10 wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa ahadi ya kupata 20,000, na hakuna biashara yoyote inayofanyika, lazima wapatikane wapya 20 wa kuwalipa. Hao 20 watahitaji 40, nao 40 watahitaji 80. Kundi la kumi la wapya litakuwa watu 10,240. La ishirini, zaidi ya milioni 10. Wanaowahi hulipwa kweli, na ndiyo maana ushuhuda wao huvuta majirani. Hawasemi uongo. Hawajui tu fedha ile imetoka mfukoni mwa nani.

Wapo wanaoona kuuliza ni kukosa imani. Lakini Waberea, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyohubiri Paulo ndivyo yalivyo. Hatusomi popote kwamba Paulo alinuna.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika: mgeni akileta mpango wa fedha, mwulizeni faida inatokana na kazi gani, ana leseni ya nani, na nani amekagua hesabu zake. Utaratibu uwe huo huo kwa miradi yetu, ambayo wafadhili wetu wanaitolea kwa kujinyima. Fundi akisema mifuko 60 ya saruji imeingia stoo, mzee mmoja aihesabu kabla ya kamati kutia sahihi, hata kama fundi huyo ndiye mwinjilisti wa mtaa.