Kopo la chakula la bei kubwa: hasara au akiba?

LUSHOTO – Muhula unapoanza, Januari na Julai, mzazi hununua madaftari, sare na kopo la chakula la mtoto. Je, la bei kubwa lina faida?

Chukua mfano. Kopo la plastiki ni Sh. 5,000, la chuma lenye kuta mbili ni Sh. 30,000. La plastiki likidumu muhula mmoja, la chuma halina budi kudumu mihula 6, yaani miaka mitatu, ndipo fedha zirudi. Mtoto wa darasa la kwanza akipoteza mfuniko mwezi wa pili, hesabu imeharibika.

Hata hivyo bei si kigezo pekee. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya muda wa saa 2, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Makande yaliyopakuliwa saa 12 asubuhi na kuliwa saa 5 yamepita muda huo mara mbili na zaidi. Hapo kopo la chuma lina kazi, mradi lisuuzwe kwanza kwa maji ya moto na chakula kitiwe kikichemka.

Kwa chapati, karoti na peasi, la plastiki latosha.

Mwenye duka dogo asifunge mtaji kwenye makopo ya bei kubwa. Aweke machache, achague yale ambayo mfuniko wake huuzwa peke yake, na ambayo mtoto aweza kuyafungua mwenyewe.