MKOBA WA VYOMBO VYA BAISIKELI KWA MTU ALIYE MBALI NA FUNDI

Wasomaji wetu wengi hutumia baisikeli katika kazi zao. Mwalimu huiendea shule kwa baisikeli, karani hupeleka barua na daftari za hesabu, mganga wa zahanati huchukua dawa vijijini, na mzazi ambaye mwanawe ameshikwa na homa usiku humpakia juu ya keria akamkimbiza kwa tabibu. Wote hao huitegemea mashine ambayo fundi wake yuko mjini, na mji uko mbali. Ikiharibika katikati ya pori, si chuma peke yake kisimamacho. Dawa husimama, na mgonjwa husimama. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza kwa urefu jinsi mtu awezavyo kukusanya mkoba mdogo wa vyombo vya kutengenezea baisikeli njiani, na kwa nini kitu fulani kiwemo na kingine kisiwemo.

Wengi huanzia dukani. Humwona muuzaji amepanga spana zing'aazo ndani ya mfuko wa ngozi, wakanunua mfuko mzima, wakaufunga nyuma ya kiti, wakadhani wamekwisha kujiweka tayari. Siku ya taabu huona kwamba spana tatu hazikai katika nati yo yote ya baisikeli yao, na kitu kinachotakiwa, kidogo kuliko ukucha, hakimo. Sisi twasema mkoba uanzie kwa baisikeli yenyewe. Igeuze chini juu mbele ya nyumba yako, uitazame toka gurudumu la mbele hata la nyuma, na kwa kila kiungo ujiulize mambo mawili. Je, hiki huharibika njiani? Na kikiharibika, je, mimi mwenyewe naweza kukitengeneza chini ya mti, bila jiliwa wala meza ya fundi? Kama jibu la swali mojawapo ni la, usichukue chombo kwa ajili yake.

Baisikeli tuisemayo hapa ni ile nzito nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28, na breki zake huvutwa kwa vyuma wala si kwa waya. Zamani nyingi zilitoka kwa Raleigh wa Nottingham, Uingereza. Siku hizi nyingi ni za India na China, kama Hero na Phoenix, lakini namna yake ni ile ile. Mwenye baisikeli ya namna nyingine aweza kufuata njia hii hii ya kujiuliza, ila vitu vya mkoba wake vitakuwa mbali na vyetu.

Jambo la kwanza ni upepo, na hapa hatutafanya haraka, maana taabu nyingi za njiani hutoka hapa. Mpira wenye upepo ulianza kupata nguvu mwaka 1888, wakati John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, alipopata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. (Robert William Thomson alikwisha kupata hati ya jambo hilo hilo mwaka 1845, lakini watu walimsahau.) Kabla ya hapo magurudumu ya baisikeli yalivikwa mpira mgumu usio na upepo, na mpandaji alitikiswa mifupa yote, lakini mwiba haukuwa neno kwake. Sisi tuliokuja baadaye tumepewa raha na mwiba pamoja. Katika nchi zetu ni miiba ya mgunga, na mbaya zaidi ni mbigili, ambayo hulala chini njiani na ncha zake hutazama juu daima.

Kwa ajili ya upepo hivi ndivyo vitakiwavyo: pampu, viraka vya ukubwa mbalimbali, gundi ya mpira, ambayo mafundi huiita solusheni, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kuvulia mpira wa nje, na vimpira vya valvu. Hivi vya mwisho ndivyo watu huvisahau, na ndivyo tutakavyovieleza kwanza.

Valvu ya baisikeli hizi ina msumari mdogo wa shaba wenye tundu ubavuni, na juu yake huvishwa kimpira chembamba kama utumbo wa ndege. Upepo wa pampu hukisukuma kimpira ukapita kuingia ndani, kisha kimpira hurudi kulibana tundu ili upepo usitoke. Kwa joto na kwa umri kimpira hicho hulegea au hupasuka. Hapo gurudumu hunywea polepole kama lililochomwa na mwiba mdogo. Tulimkuta mwalimu mmoja kando ya njia, amevua mpira wa nyuma, naye alikuwa akitafuta tundu tangu saa nne hata saa saba, na karatasi za mtihani wa wanafunzi wake zimo katika mfuko juu ya keria. Tukamwuliza, "Bwana Mwalimu, je, umeitazama valvu?" Hakuwa ameitazama. Kimpira kilikuwa kimepasuka kwa urefu wake, na yeye hakuwa na kingine. Kipande cha nusu inchi kilichotoka katika mkoba wetu kilimfikisha mjini kabla ofisi haijafungwa.

Basi gurudumu likinywea, kabla hujavua kitu, jaza upepo, kisha lowanisha kidole kwa mate ukipake juu ya mdomo wa valvu. Mapovu yakitokea, kosa ni la valvu, na kazi ni ya dakika mbili. Beba kimpira kirefu cha kutosha kukata vipande vitatu au vinne, ukiweke mbali na mafuta, maana mafuta ni adui wa mpira wa kila namna.

Kama ni mwiba kweli, hapana haja ya kuling'oa gurudumu zima. Vua upande mmoja tu wa mpira wa nje, uvute mpira wa ndani utoke, ujaze upepo, uuzamishe kidogo kidogo katika maji ya sufuria au ya kijito mpaka uone mapovu. Usivue mpira kwa bisibisi. Ncha yake huubana mpira wa ndani, na badala ya tundu moja utakuwa na matatu. Asiye na vyuma vya dukani aweza kutumia mikono ya vijiko viwili vizito, iliyosuguliwa kwa tupa hata isiwe na ukali. Ukiisha kuona tundu, utafute mwiba wenyewe kwa kupitisha vidole taratibu ndani ya mpira wa nje. Wengi huziba tundu na kumwacha adui ndani, na baada ya maili moja hushuka tena, wakiilaumu gundi.

Na gundi hulaumiwa kwa kosa jingine pia. Mahali pa kiraka hapana budi pakauke, pasuguliwe kwa msasa mpaka weusi wake upoteze mng'ao, kisha pakwe gundi nyembamba kupita kiasi cha kiraka. Halafu ngoja. Gundi hushika ikiwa imekauka hata haing'ari na haifuati kidole. Kiraka kikiwekwa juu ya gundi mbichi huteleza, kisha hufunguka ukisha kupanda. Ukirudisha mpira wa nje, maliza penye valvu, ukiisukuma valvu juu kidogo ili ukingo wa mpira uingie chini yake, na sehemu ya mwisho uibane kwa vidole gumba, si kwa chuma.

Tena ongeza katika mkoba kipande cha mpira wa nje uliochakaa, urefu wa kidole. Mpira wa nje ukikatwa na jiwe kali au chupa, mpira wa ndani hutokeza kama ngiri na kupasuka. Kipande hiki huwekwa ndani, kati ya mpira na mpira, nawe wafika nyumbani. Kitu hiki hakiuzwi, wala hakina bei, nasi twakithamini kuliko spana yo yote.

Baada ya upepo ni mnyororo. Mnyororo wa baisikeli hizi una kiungo kimoja kifunguliwacho, nacho hushikwa na kibanio chembamba cha chuma. Beba kiungo kimoja cha akiba pamoja na kibanio chake. Ukikivisha, mwisho wa kibanio uliozibwa uelekee upande ambao mnyororo wakwenda, na ule ulio wazi ufuate nyuma. Ukifanya kinyume, kijiti kitakachokigusa kitakichopoa. Kama pamekatika penginepo, msumari mnene uliokatwa ncha, pamoja na jiwe, utatosha kuutoa ule msumari mdogo uliovunjika, ndipo utie kiungo chako cha akiba.

Katika mambo ya nati, chukua spana zile tu ulizozijaribu mwenyewe juu ya baisikeli yako. Baisikeli nyingine nati zake zimepimwa kwa inchi, nyingine kwa milimita, na spana iliyokaribia kukaa ni mbaya kuliko isiyokaa kabisa, kwa sababu yala pembe za nati mpaka ikawa mviringo, na hapo hata fundi atashindwa. Nati za magurudumu, za kiti na za breki ndizo za lazima. Spana moja ambayo mdomo wake hupanuliwa na kupunguzwa yaweza kuwa akiba, lakini iwe nzuri. Zile za bei ndogo hulegea mdomo.

Spoki za baisikeli za namna ya Kiingereza zilikuwa 32 mbele na 40 nyuma, na ndivyo zilivyo nyingi mpaka sasa. Zikatikazo ni za nyuma, kwa ajili ya mzigo. Beba tatu za kipimo cha nyuma, uzifunge kando ya bomba la baisikeli, pamoja na kifunguo kidogo cha kukazia. Lakini ujue ya kwamba spoki ya upande wa mnyororo haiingii mpaka friwili itolewe, na friwili haitoki pasipo chombo chake na nguvu nyingi. Hiyo ni kazi ya fundi. Njiani uizungushe spoki iliyovunjika juu ya jirani yake isije ikanasa, ulegeze kidogo mbili za upande wa pili zilizo karibu nayo ili gurudumu linyoke, ushushe mzigo, uende polepole.

Sasa twaja kwenye kitu kidogo kilichowatembeza watu wengi kwa miguu, nacho ni pini ya kabari, ile iushikishao mkono wa pedeli katika ekseli yake. Ikilegea, pedeli hutikisika kila mzunguko, na mwenye haraka husema, "Nitafika tu." Hafiki, pini huliwa, kisha mkono wenyewe huliwa, na mkono ni ghali. Pini hizi hazilingani. Nyingine unene wake ni inchi tatu kwa nane, yaani milimita 9.5, nyingine milimita 9, na kwa macho hazitofautiani sana. Ukienda dukani peleka ile ya zamani mkononi, usimwamini muuzaji asemaye zote ni moja. Wakati wa kuitoa, uiache nati usawa na mwisho wa pini ndipo upige, la sivyo uzi wa pini utapondeka. Na chini ya mkono wa pedeli uweke jiwe au gogo la kuupokea mshindo. Wakati wa kuitia, igonge kwanza ikae, ndipo ukaze nati. Nati ni ya kuishika tu, si ya kuivuta. Kwa ajili ya pini hii twakubali nyundo ndogo iwemo, ijapokuwa ndicho kitu kizito kupita vyote.

Gololi tungeziacha. Zaweza kuchakaa, lakini mara chache huharibika ghafula, na kufungua habu penye mchanga ni kuuingiza mchanga huo ndani. Tupa kubwa, koleo nzito na kopo kubwa la mafuta navyo vikae nyumbani. Chupa ndogo ya mafuta, iliyozibwa vizuri, yatosha. Waya wa kufungia, kamba nyembamba, kitambaa na bisibisi moja hazina haja ya kuelezwa.

Mkoba wenyewe usiwe bati, kwa kuwa vyuma vitapigana ndani yake mchana kutwa, na chuma kikimkuta mrija wa gundi kitautoboa. Mshonaji aweza kushona kitambaa cha turubai chenye mifuko midogo, kila kitu na mfuko wake, kikakunjwa na kufungwa kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa zamani. Mfuko ulio wazi huonekana mara moja, nawe hutaondoka umeisahau spana majanini. Viraka, msasa, vimpira na kiungo cha mnyororo vikae ndani ya kikopo kimoja chenye poda. Wetu, pamoja na nyundo, hauzidi ratili nne. Gundi ikisha kufunguliwa hukauka ndani ya mrija wake hata ukiifunga. Kwa hiyo nunua mirija miwili midogo, si mmoja mkubwa, na kila mwezi uibonyeze kuona kama bado ni laini.

Kisha ufanye majaribio. Siku ya mapumziko, chukua baisikeli na mkoba mpaka chini ya mti, uvue mpira, uzibe tundu, ufungue mnyororo, uitoe pini na kuirudisha. Kila kitu kitakachokufanya uinuke kwenda kukichukua nyumbani, andika, maana hicho ndicho kilichopungua. Na usichokigusa hata katika majaribio matatu, kiache.

Limebaki jambo la kuazima, ambalo twajua litawapata walimu na wakuu wa vijiji kuliko wengine. Mzee akija na kusema, "Mwanangu, nipe mkoba wako, baisikeli yangu imelala pale mtoni," huwezi kumkatalia, wala si vizuri. Afadhali uende naye pamoja na mkoba wako. Kama kazi haikuruhusu, basi orodha ya vitu iwe imeshonwa ndani ya kitambaa, na mkoba utakaporudi vihesabiwe mbele ya aliyeazima, kabla hajakaribishwa maji ya kunywa.