Tiba ya Mwanga wa Leza kwa Mishipa ya Fahamu Iliyojeruhiwa: Maelezo kwa Wananchi

Mkono uliokatwa kwa panga, au bega lililoumia kwa kuanguka mkarafuu, huweza kufunga jeraha lake la nje katika wiki chache na bado vidole vikabaki na ganzi, visiweze kushika hata kikombe. Hapo mara nyingi kilichoumia ni mshipa wa fahamu, ambao hupeleka amri kwenye misuli na kurudisha hisia. Miongoni mwa tiba ambazo wagonjwa wa namna hii husikia habari zake ni mwanga wa leza wa nguvu ndogo. Inafaa wananchi wafahamu mwanga huo unaweza nini, na nini hauwezi.

Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aliyagawa majeraha ya mishipa hii katika madaraja matatu. La kwanza ni mshipa kubanwa tu, nao hupona wenyewe. La pili ni nyuzi za ndani kukatika huku ala zake zikisalia nzima. La tatu ni mshipa kukatika kabisa, na huo hauna budi kushonwa na daktari wa upasuaji.

Nyuzi zilizokatika huota upya kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kwapani hadi kwenye misuli midogo ya kiganja cha mtu mzima ni zaidi ya sentimita 50, yaani siku zisizopungua 500. Nao msuli usiopata amri kwa miezi 12 hadi 18 hunyauka, na hatimaye hauwezi tena kurudishwa. Shida yote imo katika hesabu hiyo, na ndiyo iliyowafanya wataalamu watafute njia ya kuuharakisha mshipa.

Habari ya leza ilianzia Budapest, nchini Hungaria, ambako mwaka 1967 Profesa Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa manyoya. Alikuwa akichunguza kama mwanga huo huleta saratani. Saratani haikutokea, bali manyoya yaliota upesi zaidi pale palipomulikwa. Leza hii haichomi wala haikati. Inadhaniwa kuwa mwanga wake hupokewa na sehemu za chembe hai zinazotengeneza nguvu, zikachangamka katika kazi yao.

Majaribio mengi juu ya mishipa ya fahamu yamefanywa kwa panya. Kwa binadamu, linalotajwa sana ni la daktari Shimon Rochkind wa Tel Aviv, lililochapishwa mwaka 2007. Wagonjwa walikuwa 18, wote wakiwa na mishipa isiyokatika kabisa, na baadhi yao walimulikwa kwa mwanga wa bandia ili kulinganisha. Tiba ilichukua siku 21 mfululizo, saa 5 kila siku: saa 3 juu ya jeraha na saa 2 juu ya uti wa mgongo. Baada ya miezi 6, waliopata leza halisi walikuwa na nguvu zaidi ya misuli. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini watu 18 ni wachache mno kuijengea tiba hoja. Tena saa 5 kwa siku si sawa na dakika chache za kumulikwa na mtu mwenye kijitochi chekundu.

Mwanga wa aina hiyo karibu hauonekani, hivyo jicho halifumbi kujikinga, na unaweza kuharibu macho. Mgonjwa na mtoa tiba lazima wavae miwani maalumu. Pasipojulikana uvimbe ni wa nini, pasimulikwe.

Mwananchi aliyejeruhiwa ambaye kidole hakikunjuki au hakina hisia afike hospitali siku ile ile, wala asingoje jeraha lifunge. Leza haiungi mshipa uliokatika, na miezi inayopotea katika kuijaribu kwanza hukatwa katika ile 12 hadi 18 ya msuli. Wakati wa kungoja mshipa uote, viungo vinyooshwe kila siku kama atakavyoelekeza mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mkono wenye ganzi usikaribishwe jikoni penye moto, kwani utaungua bila ya mwenyewe kujua.