Je, Kikojozi Aadhibiwe?

Leo tunazungumzia adhabu.

Unamwamsha mtoto aende shule, unakuta godoro limelowa tena. Sabuni imekwisha, nje kunanyesha, na blanketi ni hilo moja. Hasira inakupanda. Unashika mwiko, au unamwamuru abebe godoro nje wenzake wakimcheka. Ngoja kwanza, mama.

Adhabu ni ya nini? Ni ya kumfunza mtoto aliyekosa kwa kujua, ili kesho afanye vyema. Akimpiga mdogo wake makusudi, mnyime mchezo jioni hiyo na umweleze sababu, ataelewa. Lakini anayekojoa usingizini hakukusudia. Huenda kibofu chake hakijakomaa, au analala fofofo asihisi mkojo ukimbana. Mara nyingi hata baba au mama yake alikuwa hivyo utotoni. Kiboko hakikaushi godoro. Kinamwongezea hofu na aibu, na hofu yaweza kuzidisha tatizo.

Ufanye nini basi?

1. Mpe maji ya kutosha mchana, lakini upunguze vinywaji kuanzia jioni, hasa chai na soda.
2. Hakikisha amekojoa kabla ya kulala. Kama choo kiko nje, msindikize, giza humtisha.
3. Tandika karatasi ya plastiki juu ya godoro, chini ya shuka.
4. Asubuhi atoe shuka pamoja nawe, kama kazi ya nyumbani, bila matusi.
5. Msifu kwa kukumbuka kwenda choo. Usiruhusu ndugu zake wamcheke.

Chini ya miaka 5, hili ni jambo la kawaida. Akipita miaka 7 na bado anakojoa, mwone mhudumu wa afya. Mpeleke mapema akisikia uchungu anapokojoa, akiwa na homa, akipata choo kigumu, au akiwa na kiu isiyoisha na anakonda. Na kama alikuwa ameacha kwa miezi 6 au zaidi, kisha akaanza tena, muulize kwa upole. Pengine anaugua, au kuna mtu anayemtisha au kumdhulumu. Ukimchapa, hatakwambia.

Kesho asubuhi ukikuta godoro limelowa, jiulize: je, alikusudia? Kwaheri, hadi wakati mwingine.