Nyumba ya Mkopo, Karatasi ya Mauzo: Funzo Kutoka Gatete

Barabara itokayo Bujumbura kwenda kusini huandamana na Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya kilomita 70 hadi kufika Rumonge. Mkono wa kulia ni maji, na mkono wa kushoto ni michikichi iliyopandwa hadi miguuni mwa milima. Katika Gatete, kati ya michikichi hiyo, tuliziona nyumba nyingi za matofali zinazojengwa. Baadhi zimeezekwa mabati mapya. Nyingine zimesimama kuta tupu, na majani yameota ndani ya vyumba. Tulipouliza habari za mojawapo ya kuta hizo, tuliambiwa kuwa mwenyewe ni askari.

Kujenga ni jambo la kusifiwa. Askari ana siku ya kuvua sare, na siku hiyo asiye na paa hugeuka mzigo kwa ndugu zake. Tangu Desemba 2007, jeshi letu lilipoanza kutumikia Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, wenzetu wengi walirudi na akiba wakanunua viwanja. Lakini akiba mara nyingi huisha kabla ya paa. Hapo ndipo mtu hutafuta mwenye fedha, naye huwa jirani, mfanyabiashara, au hata askari mwenzake.

Mwenye kuta zile ni koplo, na jina lake tunalihifadhi. Alikusudia kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Fedha zilipokwisha alimwendea mfanyabiashara mmoja, akapewa faranga 2,000,000 kwa riba ya 20 kwa mia kila mwezi. Kuhusu mkopo hakikuandikwa chochote. Kilichoandikwa, mbele ya mashahidi wawili, ni kwamba koplo ameuza kiwanja chake na amekwisha kupokea thamani yake yote. “Ni desturi tu,” aliambiwa, “ukilipa, tutaichana.” Akatia sahihi, akaacha na kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri.

Hesabu isiyodanganya

Mikopo ya namna hii nchini mwetu huitwa Banque Lambert. Jina hilo ni la benki ya Kibelgiji iliyoungana na Banque de Bruxelles mwaka 1975. Benki hiyo haihusiki na mambo haya, bali ni jina lake tu lililobaki midomoni mwa watu.

Tufanye hesabu ambayo koplo hakuifanya. Riba ya 20 kwa mia juu ya faranga 2,000,000 ni faranga 400,000 kwa mwezi. Vyumba vinne, kila kimoja kwa faranga 50,000, huleta 200,000. Basi hata kama nyumba ingekamilika, vyumba vyote vikapata wapangaji, na wapangaji wote wakalipa bila kuchelewa, kodi ingelipa nusu ya riba peke yake, na deni lenyewe lisingepungua hata faranga moja. Tena, ikiwa riba isiyolipwa huongezwa juu ya deni kila mwezi, baada ya miezi 12 zile milioni mbili huwa zaidi ya faranga 17,800,000. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Mwezi wa sita mfanyabiashara alifika Gatete na karatasi yake. Wazee wa mlimani waliisoma wakakuta neno moja tu: nimeuza. Koplo alieleza kwamba ulikuwa mkopo, lakini wale mashahidi wawili walikuwa wameshuhudia mauzo.

Ardhi yenye historia

Shauri likiwa bado kwa wazee, ikatokea familia iliyorejea kutoka Tanzania, ikasema kiwanja kile kilikuwa chao kabla ya mwaka 1972. Asiyeijua Rumonge atashangaa, lakini mwenyeji hashangai. Katika maafa ya mwaka 1972 watu wengi wa ukanda huu walikimbia. Mashamba yao, baadhi yaligawiwa watu wengine, na baadhi yaliingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali. Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 wakimbizi walirejea kwa wingi, na mwaka 2006 iliundwa Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, kushughulikia mashauri yao. Hivyo kiwanja cha Gatete kinaweza kuwa na muuzaji wa leo, mgawiwa wa jana na mwenyewe wa juzi, na kila mmoja ana maneno yake.

Ufukwe nao una sheria yake. Kanuni za Maji za tarehe 26 Machi 2012 zilitenga mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika kuwa eneo la umma. Anayekopa ili ajenge humo anakopa kwa ajili ya nyumba isiyoweza kuwa na hati. Na ziwa lenyewe halisubiri mahakama: mwaka 2024 maji yalipanda, yakaingia ndani ya nyumba za watu Rumonge.

Tulipokuwa chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba kikosi hakisogezwi mpaka ardhi ya mbele ipelelezwe. Koplo yule, ambaye kazini asingekwenda hatua kumi bila kutazama, alipeleka fedha za mtu mwingine katika ardhi asiyoijua.

Deni na wajibu wa kazi

Yapo madhara makubwa kuliko kupoteza nyumba. Polisi anayelinda ufukwe usiku, naye anadaiwa na mwenye mashua, atawezaje kuikagua mashua ile? Mlinzi ambaye mshahara wake hutolewa benki na mtu mwingine, atamtii nani? Anayeshika kadi ya askari ameshika na sehemu ya silaha yake.

La kufanya

Hatusemi kwamba kukopa kwa mtu binafsi ni kosa. Ndugu na marafiki wamesaidiana kujenga tangu zamani. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twashauri haya.

Kwanza, kabla ya kukopa, ulizia kiwanja kwa majirani na wazee, kisha katika huduma ya ardhi ya tarafa. Sheria ya ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 imeziruhusu tarafa kutoa cheti cha ardhi. Kiwanja kisichoweza kupata cheti kisijengewe kwa fedha za mkopo.

Pili, mkopo uandikwe kuwa ni mkopo: kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, riba, na siku ya mwisho ya kulipa. Kila malipo yapewe risiti. Mke au mume awepo na aelewe. Kama ardhi ni dhamana, iandikwe kuwa ni rehani, na iandikishwe pale hati yake ilipoandikishwa. Usitie sahihi karatasi ya mauzo kwa kitu usichokiuza.

Tatu, kadi ya benki na namba ya siri haziwekwi rehani kwa yeyote.

Nne, pitia kwanza chama cha akiba na mikopo, COOPEC, au benki unakopitishia mshahara. Na wewe mwenye akiba unayewakopesha wenzako kwa riba, jua kwamba sheria ya shughuli za benki ya tarehe 22 Agosti 2017 imeweka kazi hiyo chini ya kibali cha Benki Kuu.

Tulipoondoka Gatete, shauri lilikuwa limepelekwa mahakamani. Koplo anaendelea na kazi yake na anaendelea kudaiwa. Alituomba tuyaandike haya, ila jina lake tulifiche, kwa sababu watoto wake bado hawajaambiwa kwamba nyumba ile huenda isiwe yao.