Shirika la ndege linapofilisika, pensheni ya mfanyakazi huishia wapi?

Tunaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba shirika kubwa la ndege limefilisika, wengi wetu humfikiria abiria aliyekwama uwanjani na tiketi yake mkononi. Nchini Marekani mara nyingi mambo hayaendi hivyo. Ndege huendelea kuruka kwa ratiba ile ile, na abiria anaweza kusafiri kutoka Chicago hadi Denver bila kujua kwamba kampuni iko mahakamani. Anayejua ni mhudumu anayemmiminia kahawa, kwa sababu mshahara wake umeshapunguzwa na pensheni yake inasubiri uamuzi wa jaji.

Kesi inayolieleza jambo hili vizuri ni ya United Airlines. Shirika hilo liliomba kinga ya mahakama tarehe 9 Desemba 2002, likiwa limeelemewa na madeni, na abiria wakiwa wamepungua baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Siku chache kabla, serikali ilikuwa imekataa kulidhamini kwa mkopo wa dola bilioni 1.8. United ilikaa chini ya mahakama kwa zaidi ya miaka mitatu, hadi Februari 2006.

Kinga hiyo hutolewa chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Kampuni haifungwi wala haikabidhiwi mfilisi auze mali. Uongozi unabaki na usukani, wadai wanazuiwa kuja kuchukua chao, na kampuni inapewa muda wa kupanga upya madeni na mikataba yake. Neno la kutazama hapo ni mikataba, kwa maana mkataba wa wafanyakazi nao umo.

Njia hii ilikuwa imejaribiwa mapema. Mwezi Septemba 1983, Frank Lorenzo, mkuu wa Continental Airlines, alilipeleka shirika lake mahakamani, akaachisha kazi sehemu kubwa ya wafanyakazi, na baada ya siku chache ndege zikarudi angani zikiwa na watu waliokubali mishahara ya takriban nusu ya ile ya awali. Kelele zilikuwa nyingi. Mwaka 1984 Bunge la Marekani likaweka kifungu cha 1113, kinachomtaka mwajiri ajadiliane kwanza na chama cha wafanyakazi, kisha aombe ruhusa ya jaji kabla ya kuvunja mkataba. Kwenye karatasi hiyo ni kinga. Kwa maoni yetu, kwenye chumba cha mazungumzo kifungu hicho kiligeuka kuwa fimbo: mwajiri husema tu kwamba msipokubali, nitakwenda kwa jaji, na vyama hutia saini vyenyewe. Ndivyo ilivyokuwa United. Mwaka 2003 marubani walikubali kupunguziwa mshahara kwa asilimia 30, na mwaka 2005 wakakatwa tena takriban asilimia 12. Wahudumu, mafundi na wafanyakazi wa viwanjani nao walipoteza mara mbili.

Kulikuwa na uchungu wa ziada. Tangu mwaka 1994 wafanyakazi walikuwa wamiliki wa asilimia 55 ya United, kwa makubaliano kwamba wangejinyima mishahara na marupurupu ya mabilioni ya dola ili wapate hisa. Wahudumu wa ndege hawakuingia katika mpango huo, lakini marubani na mafundi waliingia. Shirika lilipotoka mahakamani, hisa za zamani zilifutwa bila malipo yoyote. Waliokuwa wamelipa kwa jasho miaka ya tisini wakabaki na karatasi.

Sasa tuje kwenye pensheni yenyewe. United ilikuwa imewaahidi watu wake kiasi maalumu kila mwezi hadi kufa, kulingana na mshahara na miaka ya kazi. Ili kutimiza ahadi ya namna hiyo, kampuni hutakiwa kuweka fedha pembeni mapema. Mwezi Julai 2004 United ilitangaza kwamba inasitisha michango yake. Hesabu zilipofanywa, mifuko yake minne ilikuwa na takriban dola bilioni 7, wakati ahadi zilifikia karibu bilioni 17. Pengo lilikuwa dola bilioni 9.8.

Tarehe 10 Mei 2005, Jaji Eugene Wedoff wa mahakama ya ufilisi mjini Chicago aliruhusu mifuko hiyo ivunjwe. Lilikuwa anguko kubwa kuliko yote ya pensheni za kampuni katika historia ya Marekani hadi wakati huo, na liliwagusa watu zaidi ya 120,000, wakiwemo wastaafu waliokuwa wameshaanza kulipwa.

Mzigo ulihamia kwa PBGC, shirika la serikali linalodhamini pensheni za makampuni binafsi. Lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, miaka kumi na zaidi baada ya kiwanda cha magari cha Studebaker kufungwa huko South Bend, Indiana, na kuwaacha wafanyakazi wengi bila pensheni waliyoahidiwa. PBGC haliendeshwi kwa kodi ya mwananchi bali kwa ada za bima zinazolipwa na makampuni, na kama bima nyingine lina kikomo. Katika lile pengo la bilioni 9.8, lilifidia takriban bilioni 6.6. Zilizobaki, zaidi ya dola bilioni 3, zilitoka mifukoni mwa wafanyakazi.

Kikomo hicho kiliwaumiza marubani kuliko wengine. Kwa mifuko iliyovunjwa mwaka 2005, aliyeanza kulipwa akiwa na miaka 65 hakuweza kupata zaidi ya dola 45,614 kwa mwaka. Aliyeanza akiwa na miaka 60 aliishia kwenye dola 29,649. Chukua mfano wa rubani aliyeahidiwa dola 100,000: zaidi ya theluthi mbili ya ahadi yake ingeweza kutoweka. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Wakati huo sheria ya usalama wa anga ilimkataza rubani kurusha ndege ya abiria akishafika miaka 60. Serikali ilimwondoa kazini kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikamhesabu kuwa amestaafu mapema. Umri huo ulipandishwa hadi 65 mwishoni mwa mwaka 2007.

Huenda msomaji akauliza kwa nini deni la wastaafu lisilipwe kwanza. Jibu liko kwenye foleni ya wadai. Waliokodisha au kukopesha ndege wana kifungu chao: wasipolipwa ndani ya siku 60, au kuafikiana na kampuni, wanaweza kuchukua ndege yao. Benki zina dhamana. Upungufu wa mfuko wa pensheni kwa kawaida ni deni lisilo na dhamana, na hulipwa kwa kilichobaki, mara nyingi hisa na hati za kampuni mpya. Kwa United, PBGC liliahidiwa hati na hisa za thamani ya hadi dola bilioni 1.5. Mameneja wapatao 400, kwa upande wao, walitengewa asilimia 8 ya hisa za kampuni iliyofufuka.

Mwaka 2006 sheria mpya iliyapa mashirika ya ndege muda mrefu zaidi wa kuziba mapengo ya pensheni. American Airlines lilipoingia mahakamani mwaka 2011, mpango wa kuvunja mifuko ulipingwa vikali na PBGC, na mwishowe mifuko ilisimamishwa tu: aliyekwisha kujipatia haki hakunyang'anywa, ila hakuongezewa.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna mdhamini wa aina ya PBGC. East African Airways liliposambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani, nchi tatu zilikubaliana mwaka 1984 kila moja ilipe mafao ya raia wake, na wastaafu wa Jumuiya nchini Tanzania walikuwa bado mahakamani miaka ya 2000. Na marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, moja ya madai yao lilikuwa kurejeshwa kwa michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba, iliyositishwa mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Shirika hilo halikuwa limefilisika mahakamani. Mchango ulikatwa tu, na mahakama ikawaamuru marubani warudi kazini.